Flashi ya mafundisho ya Ufunuo inayouzwa Dodoma: nimeimaliza yote, haya ndo maoni yangu

Kwa wale mnaoniuliza kuhusu ile flashi ya mafundisho ya hukumu ya mwisho, ile nyekundu yenye stika ya mizani ambayo wamachinga wanaitembeza Sabasaba na Majengo, nimeisikiliza yote mpaka mwisho. Jibu la haraka ni nunua, ila usinunue kichwakichwa. Soma kwanza haya maana kuna mahali pametulia kweli, kuna mahali mwalimu kateleza, na kuna uhuni mmoja wa wauzaji nitausema huko mbele.

Mi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Chang'ombe, na kazi yetu inajulikana, mikono iko bize ila masikio hayana shughuli, kwa hiyo spika yangu inaongea toka nafungua mpaka nafunga na wateja wote wanajua leo fundi anasikiliza nini. Flashi na kitini chake ni elfu kumi na tano, flashi peke yake elfu kumi. Mwalimu sitamtaja kwa sababu hata mwenyewe hajitangazi, kwenye rekodi anajiita mwalimu tu basi, lafudhi ya huku huku kati, kuna sehemu anawasalimia watu "mbukwenyi" na unasikia kina mama wanaitikia kwa nguvu zote. Ni semina ilirekodiwa kwenye hema, siku kadhaa mfululizo.

Nianze na kilichonishika. Sisi wengi tumekulia kwenye mahubiri ya hukumu ya mtindo mmoja, mhubiri anapandisha sauti, moto, kiberiti, kusaga meno, watoto wanalia, alafu watu wakishaogopa vya kutosha kapu la sadaka linapita. Huyu haendi hivyo. Somo la kwanza linaanzia Ufunuo 6, zile roho za waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu, ziko chini ya madhabahu zinalia "hata lini". Anauliza, hivi humu ndani nani anaisubiri hukumu kwa hamu? Hakuna anayejibu. Anajibu mwenyewe, ni aliyeonewa. Mjane ambaye shemeji zake wamemnyang'anya shamba, huyo siku ya kesi anaiomba ifike hata kesho, anayeomba iahirishwe ni aliyekula shamba. Na hapo ndo anajenga mafundisho yote, kwamba hukumu ilihubiriwa kwanza kwa watu waliokuwa wanapigwa na kufungwa, ikiwa ni ahadi kwamba kesi yao haijafutwa, na sisi tumeichukua tukaigeuza fimbo ya kuchapia watu wetu wenyewe kanisani.

Alafu anaeleza hao walioandikiwa walikuwa kina nani. Makanisa saba ya Asia, ambayo leo ni magharibi mwa Uturuki, na Yohana mwenyewe yuko kisiwani Patmo. Wataalamu wengi wanaweka mwishoni mwa karne ya 1 enzi za Kaisari Domitian, wapo wanaorudisha mpaka zama za Nero, mwalimu anazitaja pande zote mbili bila kugombana na mtu, nimependa. Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba kipindi kile Wakristo hawakuwa wanasakwa nyumba kwa nyumba kila siku. Kuna barua ya gavana mmoja wa Kirumi anaitwa Pliny, alimwandikia Kaisari Trajan kama mwaka 112 hivi, anauliza hawa Wakristo nawafanyaje, na Kaisari anamjibu usiwatafute, ila wakiletwa na wakikaza shingo waadhibiwe, wakiiabudu miungu yetu waachie waende. Kwa hiyo mlango wa kutokea ulikuwa wazi muda wote! Ubani kidogo na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, unamtukana Kristo, unarudi nyumbani kula na wanao. Mwalimu anasema majaribu mengi yanakuja hivyohivyo, huletewi panga, unaletewa kalamu, saini hapa mambo yaishe.

Na si unajua Dodoma yetu sasa hivi, mji wa watumishi. Akawageukia, akauliza mkuu wako wa kitengo anakuletea karatasi ya posho ya safari siku tano na nyie mmelala njiani siku mbili, wenzako wote wameshasaini, wewe ukikataa unaonekana unajifanya malaika na safari inayofuata hupangwi, hapo unafanyaje? Watu wanacheka kile kicheko cha wasiwasi. Mi mwenyewe sio mtumishi ila nilikuwa na wateja wawili watumishi kwenye benchi wanasubiri suruali, mmoja akaniambia fundi hebu punguza sauti kidogo.

Kama huna muda wa kusikiliza yote, sikiliza ya Smirna tu. Katika yale makanisa saba ni mawili tu hayakugombezwa, Smirna na Filadelfia, na yote mawili yalikuwa ya watu wanyonge. Waliojiona matajiri wa Laodikia ndo wakaambiwa vuguvugu. Smirna wanaambiwa watatupwa gerezani, watakuwa na dhiki siku kumi, "uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima". Hawaahidiwi kwamba wataponyoka. Mwalimu anakazia sana hapa kwa sababu mahubiri ya siku hizi ukiamini tu basi kila kitu kinafunguka, gari, kiwanja, ndoa, sasa huyu wa Smirna aliyeamini akafungwa tunamweka kundi gani? Anaunganisha na wale vijana watatu wa Danieli 3, Shadraka, Meshaki na Abednego, waliomwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, bali kama si hivyo, bado sanamu yako hatuisujudii. Hilo "kama si hivyo" amelirudia mpaka fundi mwenzangu wa fremu ya jirani akawa analitumia kwa wateja wanaochelewa kulipa.

Baada ya hapo anamleta Polikarpo, askofu wa hiyohiyo Smirna, aliuawa miaka ya 150 na kitu hivi. Hii habari nilikuwa naijua juujuu, huyu anaisimulia kwa undani. Mzee hakukimbilia kufa, kwanza waamini walimbembeleza akajificha shambani nje ya mji, wakahamia shamba la pili, wakamfikia huko jioni baada ya kijana mmoja wa nyumbani kuteswa mpaka akasema alipo. Sasa askari wamefika, mzee anashuka, anaagiza wapewe chakula na vinywaji washibe, anaomba saa moja ya kusali, akasali mbili. Uwanjani gavana anamwambia muonee huruma umri wako, apa kwa Kaisari, sema "waondolewe wasiomwamini Mungu". Maana Wakristo ndo walikuwa wanaitwa hivyo, hawana sanamu, hawana hekalu, basi wanaonekana hawana Mungu! Mzee akauangalia uwanja mzima uliojaa watu wanaopiga kelele, akawapungia mkono, akasema haya, waondolewe wasiomwamini Mungu. Hapo niliacha kushona kabisa. Gavana akazidi, mtukane Kristo nikuachie, akajibu nimemtumikia miaka 86 hajanitendea ubaya wowote, nitamtukanaje mfalme wangu aliyeniokoa. Akatishiwa moto, akamwambia unanitisha na moto unaowaka saa moja ukazimika, ule wa hukumu inayokuja huujui.

Umeona hukumu inavyotumika hapo? Anayeitaja ni mzee aliyeshikwa, anamtajia mwenye mamlaka. Sisi tunaitajia wamama wa kwaya waliochelewa mazoezi.

Na kuna kipande kwenye habari hiyohiyo wahubiri wengi wanakiruka, huyu hajakiruka. Alikuwepo jamaa mmoja anaitwa Quintus, katokea Frigia, yeye alijipeleka mwenyewe kwa wakubwa na akashawishi wengine wajipeleke, mbio mbio na ushujaa, alipowaona wale wanyama wakali akanywea, akaapa, akatoa sadaka kwa miungu. Kanisa la Smirna likaandika wazi kwamba watu wanaojipeleka wenyewe hatuwasifu, Injili haifundishi hivyo. Na kweli Mathayo 10:23 inasema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine.

Siku ya somo hilo alikuwepo mteja wangu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, Muislamu safi, kaja kuchukua dera lake na dera lilikuwa tayari muda tu ila akakaa. Likaisha akaniuliza, "Fundi, huyo mzee walimuua kweli?"

"Walimuua mama, moto kwanza kisha kisu."

"Innalillahi. Sasa si watasimama naye siku ya kiyama? Sisi kwetu mtu anapewa kitabu chake anaambiwa soma mwenyewe. Hapo utamdanganya nani?"

Nikamwambia mama hata huku vitabu vinafunguliwa, Ufunuo 20, kiti cheupe kikubwa, wafu wakubwa kwa wadogo wanasimama, wanahukumiwa sawasawa na matendo yao, na pembeni kuna kitabu kingine cha uzima. Akasema basi kumbe tunaogopa kitu kimoja. Akalipa na hakuomba punguzo, jambo ambalo kwa mama yule ni la kuandikwa.

Turudi kwenye flashi. Somo la vyeti ni la pili kwa uzuri kwangu. Mwaka 250 hivi Kaisari Decius alitoa amri kila mtu atoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati na apewe cheti kwamba katoa, vingine vimekutwa Misri kwenye mafunjo mpaka leo vipo. Sasa Wakristo wakagawanyika, wapo waliokataa wakafungwa au kuuawa, wapo waliotoa sadaka, na wapo wajanja waliohonga wakapewa cheti bila kutoa sadaka yoyote. Bodaboda wetu wa kijiweni aliposikia akasema kumbe vyeti feki havikuanza 2017 kwenye ule uhakiki wa watumishi, tulicheka sana. Lakini swali lililofuata ndo zito, mateso yakapoa, hawa wote wanataka kurudi kanisani, unawapokea? Cyprian askofu wa Karthago, ambaye mwenyewe alijificha kipindi hicho na kuja kuuawa baadaye mwaka 258, alisimama kwamba wapokelewe ila kwa toba ya kweli na ya muda, sio leo umemkana kesho unashika maiki. Padri Novatian kule Roma akakataa katakata, kundi lake likajitenga. Mwalimu yuko upande wa Cyprian, anamleta Petro aliyekana mara tatu karibu na moto wa makaa, na bado akaambiwa lisha kondoo zangu. Mi nilitamani akae hapa zaidi. Kwenye kila familia yetu yupo aliyerudi nyuma, aliyekubali matambiko ya ukoo kwa sababu wazee walimbana, au binti aliyebadili dini kwa ajili ya ndoa na sasa anaona aibu kurudi, hao wanahitaji kusikia kwamba mlango upo na wanahitaji pia kusikia kwamba kitu walichofanya hakikuwa kidogo. Dakika zote hizo kapewa Kaisari, hawa wetu wamepewa sentensi mbili tatu.

Mashahidi wa Uganda wapo, na kapatia kutowabagua, anawataja 45 wote, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, kundi kubwa lilichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Anamtaja askofu Hannington aliyeuawa Busoga 1885, ambaye safari yake ya kwanza ya 1882 alipita Mpwapwa hapa, hicho nilikuwa sikijui. Anamtaja askofu mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, na Festo Kivengere aliyelazimika kukimbia nchi baada ya hapo na huko alikokimbilia akawa anahubiri kumsamehe Amin. Kivengere kabla ya uaskofu aliwahi kufundisha shule hapa Dodoma, kwenye rekodi unasikia wazee wanaguna "eeeh, tunamkumbuka". Na wale 21 waliochinjwa ufukweni Libya mwaka 2015, Wakristo 20 wa Kikopti wa Misri na Mghana mmoja, vibarua tu waliokwenda kutafuta maisha. Hapo hajaongeza maneno mengi, kafanya vizuri.

Ila kilichonichekesha na kunikata kwa pamoja ni lile somo la mateso ambayo sio mateso. Anasoma 1 Petro 4:15, mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji, au mwizi, au mtenda mabaya, au anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Anasema umefukuzwa kazi kwa kuchelewa kila siku, usije hapa kutoa ushuhuda kwamba bosi ana pepo. Mwenyekiti wa mtaa kawaambia mpunguze spika saa nane usiku, hayo sio mateso, watu wanataka kulala! Umekopa hujalipa, wanakudai, hiyo sio vita ya kiroho. Aisee hapa nilitamani nisambaze kwenye magrupu yote ya mkesha. Anamalizia na mstari wa 17, hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu, kwa hiyo kabla hujaanza kuwaombea moto maadui zako angalia kwanza mahesabu ya jengo yapo wapi.

Kuhusu kondoo na mbuzi wa Mathayo 25, hapa mwalimu anaongea na watu wanaofuga kwa hiyo haelezi sana, anasema tu mnajua wenyewe. Sasa nilikuwa na babu yangu mmoja, katekista mstaafu wa Mvumi, alikuja mjini kliniki akapitia dukani. Nikamuuliza, "Shikamoo babu, hivi mchungaji anatenganishaje kondoo na mbuzi mpaka iwe ngumu hivyo, si wanaonekana?" Akanicheka. "Marahaba mwanangu, wewe umeona kondoo wa kwenye picha za Wazungu, wana manyoya kama pamba. Wa kwetu hawana manyoya hayo, jioni vumbi limejaa wanaingia zizini pamoja, rangi moja, kimo kimoja, we utaangalia mkia. Mbuzi kausimamisha, kondoo kauangusha." Basi mi naona mwalimu angeeleza hilo, maana na hawa watoto wetu wa mjini, mitaa ya Kisasa na Ilazo, nao wananunua flashi na mbuzi wanamjua kwenye sahani.

Alichofanya vizuri kwenye sura hiyo ni kuuliza "hao ndugu zangu walio wadogo" ni kina nani. Wapo wanaosema ni maskini wote, wapo wanaosema ni wanafunzi wa Yesu wanaoteswa, kwa sababu ya Mathayo 10 pale kwenye kikombe cha maji baridi. Yeye anasema vyovyote utakavyochukua, swali siku ile litakuwa ulimfanyia nini mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, aliye kifungoni. Anauliza hemani, nani mwaka huu ameenda gereza la Isanga kumuona mtu? Isanga iko hapahapa mjini, sio Patmo. Unasikia viti tu vinasogea.

Sasa lawama.

Somo la 666 limeniudhi. Anaanza vizuri kabisa, anaeleza kwamba herufi za Kiebrania zina thamani ya namba na jina Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi hizo linatoa 666, na kuna nakala za kale zinasoma 616, watu wengi hawajawahi kuambiwa haya. Anaeleza vizuri pia kwamba shida ya Ufunuo 13 ni ibada, mnyama anataka kuabudiwa na asiyekubali hanunui wala hauzi. Alafu ghafla kashika njia nyingine, mara alama za vidole za kusajilia laini, mara namba ya kitambulisho cha taifa, mara chipu mkononi, nusu saa nzima. Mwalimu, watu wazima hapa tuna vitambulisho mfukoni, na hujasema nani kaabudiwa hapo! Mama mmoja mtaani kwetu ameshasikia mambo ya aina hii huko nyuma akakataa kujiandikisha, akaja kupata shida kwenye mambo yake ya bima na simu. Ukisema jambo kama hili useme una ushahidi gani, au ukae kimya.

Na kinachoshangaza ni kwamba somo linalofuata anawakanya wanaotisha watu! Anasoma hakuna ajuaye siku wala saa, anawataja wafuasi wa William Miller kule Marekani waliomsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, anamtaja Harold Camping, mhubiri wa redio wa hukohuko, aliyetangaza kwamba siku yenyewe ni 21 Mei 2011, anakuja kwetu Afrika Mashariki, Kanungu Uganda Machi 2000 watu mamia wakateketea kanisani, na Shakahola kule Kilifi 2023 ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Hapa sauti yake inabadilika kabisa. Anasema shahidi wa imani huuawa na adui wa imani, hauawi na mchungaji wake. Na anatoa vipimo vya kawaida tu, ukiambiwa mtoto asiende hospitali, asiende shule, uza shamba lete hela siku zimekwisha, toka hapo na usirudi kuchukua hata Biblia. Kwa somo hili moja elfu kumi na tano imerudi. Nashauri lichezwe makanisani, ila lile la 666 lirukwe.

Lawama nyingine, kwenye adhabu ya milele anaongea kana kwamba Wakristo wote wanakubaliana. Hawakubaliani. Wengi wanafundisha adhabu isiyokoma, Wasabato wanafundisha waovu wataangamizwa na wafu kwa sasa wamelala, Wakatoliki wanayo hukumu ya kila mtu anapokufa, wana toharani, na bado wana hukumu ya wote mwishoni. Miaka elfu ya Ufunuo 20 nayo ni hivyohivyo, wengine wanaihesabu miaka kamili, wengine wanasema ni kipindi hiki cha kanisa. Mjini hapa nyumba moja ya kupanga ina Mwanglikana, Mkatoliki, Msabato na Mpentekoste choo kimoja, ukimwambia kila mmoja kwamba hakuna mjadala unamdanganya. Angesema tu mi naamini hivi, wenzangu wanaamini vile.

Sauti. Jamani. Upepo wa Dodoma mnaujua, hema linapigapiga, kuna masomo mawili unasikia turubai kuliko Mungu. Jenereta linazima katikati ya somo la kanisa la Pergamo, pale Antipa shahidi mwaminifu anatajwa, na likirudi wameshahamia Thiatira. Kwa hiyo Antipa hatujui aliishia wapi. Kwenye spika kubwa inasikika afadhali, kwenye simu bila eafoni usijisumbue.

Na uhuni niliousema ni huu. Mafundisho hayajazi flashi, nafasi inabaki, sasa baadhi ya wauzaji wanaijazia vitu vyao. Yangu ilikuwa na kwaya, sawa, nzuri tu. Ila kulikuwa na folda nyingine haina jina. Nimeweka icheze yenyewe, nina mke wa mchungaji kwenye kioo anapima gauni la kitenge, mwalimu kamaliza ziwa la moto na sala ya kufunga, amina, kidogo tu ikaingia singeli. Singeli ile yenyewe ya matusi. Nilivuka meza sijui kwa miguu ipi. Mama mchungaji akasema tu, "Fundi, hiyo nayo ni Ufunuo?" Mpaka leo akipita ananiuliza sura ya ngapi.

Kwa hiyo ukienda kununua, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aichomeke kwenye redio yake na apite folda zote, asiyetaka achana naye, wapo wengi. Faili pia hazijapangwa, majina ni namba tupu na mpangilio umevurugika, Laodikia inatangulia Efeso, inabidi ufuate kitini ndo ujue uko wapi. Hiyo ndo sababu nasema usichukue flashi peke yake kwa kuokoa elfu tano. Kitini kina kurasa chache, muhtasari wa kila somo na mistari ya kusoma nyumbani, maandishi madogo kidogo kwa wazee ila yanasomeka.

Wa vikundi vya nyumba kwa nyumba mnaweza kuigawa, somo moja kwa wiki na mjadala, hapo itawafaa kuliko mtu kusikiliza mwenyewe mfululizo, maana masomo mengine ni marefu mno na mwalimu anapenda kurudia. Watoto wadogo wasiwepo kwenye la Shakahola. Wasio Wakristo wanaotaka tu kujua historia, ya Smirna na ya vyeti yanatosha.

Vitini vipo vya aina mbili sokoni. Chenye jalada la bluu ni chapa ya kwanza, kina makosa, kuna mahali kinakutuma Ufunuo 22:35 na sura ile inaishia mstari wa 21. Chukua cheupe.